Ndege wa Kaskazi na Amana ya Chombo



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya safari. Siyo Hija wala Umra, ni safari ndogo tu ya familia: kuwatoa watoto wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, kuwateremsha pwani, na kuwapandisha chombo wakawatazame ndege wa baharini. Safari hiyo nimeiandaa mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea, na kosa langu lile ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Baadhi yenu mnafahamu kwamba mimi ni mtoto wa pwani niliyepanda bara zamani kufundisha madrasa. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi watoto huja darasani wamevaa sweta, na mlima ukikubali kuonekana, theluji yake huonekana kabla jua halijakaza. Siku moja tulikuwa tukisoma Surat al-Mulk. Tulipofika aya ya 19, ambapo Mola anatuelekeza tuwatazame ndege juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja, wala hapana awashikaye angani ila Yeye, nikawaeleza wanafunzi habari za ndege wanaovuka bahari kuu. Binti mmoja wa miaka tisa akauliza, "Maalim, bahari yenyewe ikoje?" Nikatazama darasa zima nikauliza ni nani aliyekwisha kuiona. Katika watoto 31, walioinua mikono walikuwa wanne.

Jambo hili lilinikaa moyoni. Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimejaa bahari: jahazi ziendazo kwa upepo mwema, mawimbi kama milima, lulu na marijani. Mtoto anayehifadhi aya hizo bila ya kuyaona maji ya chumvi huzihifadhi kwa ulimi, na jicho lake lina njaa. Ilhali maji ya mlimani kwetu yenyewe yanakwenda huko huko. Mto Sagana upitao karibu na Karatina huingia Tana, na Tana humwaga maji yake baharini upande wa Kipini. Nikasema, ikiwa maji yamefika, kwa nini watoto wasifike?

Basi tukakubaliana na wazazi kwamba likizo ya Disemba tutakwenda Watamu, kwenye hori la Mida. Nieleze kwanza kwa nini mahali hapo, na kwa nini msimu huo.

Nyinyi watu wa pwani mnajua misimu ya pepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi karibu na Septemba, na bahari huchafuka. Kaskazi huingia mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikiwaleta mababu zetu na majahazi kutoka Oman na Ghuba, wakiwa na tende na samaki wa chumvi, wakangoja kusi iwarudishe. Sasa fahamuni kwamba jahazi hazikuwa peke yake katika njia ile. Wakati wa kaskazi kwetu ndio wakati wa baridi kali kule Kaskazini ya dunia. Ardhi ya Siberia huganda, wadudu hutoweka, na ndege wadogo wa matope na fukwe huwa wamekwisha kuhama kuja kwetu. Miongoni mwao wamo ndege ambao mmoja hazidi gramu 60 kwa uzito, mwepesi kuliko yai la kuku, naye amesafiri zaidi ya kilomita 8,000. Hata sisi wa mlimani tunaye mgeni wa aina hiyo. Novemba ikifika, mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia hujipanga juu ya nyaya za stima mjini Nyeri, na watoto huwapita bila kuwatazama.

Mida ina ndege mmoja ambaye kila familia yenye nasaba ya ng'ambo ingefurahi kumjua. Ni mweupe, mgongo wake una weusi, miguu yake ni mirefu yenye rangi ya kijivu, na mdomo wake mweusi ni mnene na wenye nguvu kwa sababu chakula chake ni kaa. Nitamwita mla kaa, kwa kazi yake. Ndege huyu huzaa katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na pembe ya Somalia, katika miezi ya joto kali. Huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kazi hiyo ikiisha, yeye na kinda wake hushuka pwani ya Afrika Mashariki. Kinda huendelea kumfuata mzazi wake akiomba chakula hata baada ya safari ile ndefu. Shakwe wa Bahari ya Shamu na baadhi ya membe nao huja kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anayesema babu yake alikuja na kaskazi, ana majirani wengi wenye mbawa wanaoweza kusema vivyo hivyo.

Nirudi kwenye safari. Kabla ya kutoka Nyeri palizuka hoja ya wanawake. Wazee wawili wenye heshima zao walinijia baada ya sala ya Ijumaa wakasema kwamba watoto wa kiume waende, lakini mama na mabinti wabaki, kwa kuwa chombo hakina stara na bahari si mahali pao. Niliwasikiliza kwa adabu, kisha nikawakumbusha habari ya Bibi Umm Haram bint Milhan, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Mtume, sala na amani zimshukie, alilala nyumbani kwake akaamka akitabasamu, akamweleza kuwa ameonyeshwa watu wa umati wake wakipanda bahari. Bibi yule hakusema kwamba hayo ni ya wanaume. Aliomba aombewe awe miongoni mwao, na Mtume akamwombea. Miaka ikapita, akasafiri baharini na mumewe hadi kisiwa cha Saiprasi, na huko ndiko alikofia baada ya kuanguka kutoka juu ya mnyama aliyempanda. Safari yake ilikuwa ya jihadi, na yetu ni ya kutazama na kuzingatia, sizilinganishi. Lakini bahari yenyewe haikumkataza mwanamke. Kilichobaki ni taratibu: kila mke na mahramu wake, familia zikae pamoja chomboni, na mavazi yawe ya stara yanayofaa majini. Wazee wale wakaridhika, na mmoja wao akamleta mkewe na wajukuu watatu.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Mwaka ule wa kwanza tuliondoka Nyeri usiku. Tukapita Karatina, Sagana na Thika, kilomita 150 hivi hadi Nairobi, tukapanda treni ya asubuhi hadi Mombasa, kisha basi hadi Watamu. Chombo nilikuwa nimekikodi kwa simu, na malipo yote nimekwisha kuyatuma. Asubuhi tukafika ufukweni watu 38, wengi wao akina mama na watoto. Bahari ilikuwa shwari kama mafuta kwenye sahani. Watoto walikuwa wakiruka kwa furaha. Nikahesabu jaketi za kuokoa maisha zilizokuwa chomboni, nikapata 19, na hakuna hata moja ya kimo cha mtoto mdogo. Nikamuuliza mwenye chombo. Akacheka kwa upole akasema, "Sheikh, wewe ni mtu wa dini. Bahari yalala leo. Tegemea Mungu."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Nilifikiria fedha za watu, safari ya usiku kucha, na macho ya watoto. Kisha nikawageukia wenzangu nikasema kwa sauti ya mimbari, "Haya, tumtawakali Allah, tupande."

Mama mmoja kutoka Nanyuki, ambaye kuogelea hajui na bahari ilikuwa mara yake ya kwanza, alikuwa na wanawe wawili mikononi. Hakupanda. Akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, ili asiniaibishe mbele za watu, "Sheikh, si ni wewe uliyetufundisha kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akatawakali?"

Sitawaficha. Jambo la kwanza lililoingia moyoni mwangu lilikuwa hasira. Mtu akivaa kanzu kwa miaka mingi huzoea kusema na kusikilizwa. La pili lilikuwa aibu. Hadithi ile ya bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga nimeisomesha pengine mara mia. Nikawatazama wale wavulana wawili, nikajiuliza: kama chombo hiki kitapinduka, ni watoto gani 19 nitakaowavisha, na ni wa mama gani nitakaowaacha? Nikawaambia watu washuke. Watoto walilia, na mwenye chombo hakurudisha fedha.

Huenda mnangoja niwaambie kwamba upepo ulivuma na chombo kile kikazama. La. Kilikwenda na wageni wengine, kikarudi salama adhuhuri, na baadhi yao wakatucheka. Hapa ndipo penye funzo. Uamuzi wa kushuka ulikuwa sahihi hata kama bahari ilibaki shwari hadi magharibi. Amana haipimwi kwa yale yaliyotokea. Hupimwa kwa yale uliyoyafanya ulipokuwa hujui litakalotokea. Watu wa pwani hawahitaji kuhadithiwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, wakafa watu 272. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi. Katika misiba kama hiyo, hapana shaka, wapo waliotaja jina la Allah walipopanda, na Allah awarehemu. Lakini kutaja jina lake hakumwondolei mkubwa wa safari wajibu wa kuhesabu.

Basi mwaka uliofuata tulijiandaa upya, na namna tulivyojiandaa nitaieleza, kwani huenda familia yako ikataka kufanya hivyo.

Tulianza na mwezi. Sisi Waislamu tuna kalenda ambayo pia ni kalenda ya maji, ila wengi tumesahau kuitumia. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo wa mlango wa hori huwa na nguvu. Siku za mwezi saba na nane, na tena ishirini na mbili, ni maji mafu, na mkondo hulegea. Mzee mmoja mvuvi alinieleza kwamba siku za bamvua ndege huonekana wengi karibu karibu, kwa kuwa maji yakijaa huwafunika matope yote na kuwasukuma pamoja, lakini kwa watoto wa bara wasiojua kuogelea alishauri mkondo mpole. Tukachagua mwezi kumi. Maji yalikuwa yamepwa alfajiri na yangejaa karibu na adhuhuri, hivyo tulipopanda saa mbili na nusu ndege walikuwa bado matopeni wakila, na maji yakipanda taratibu yakiwasogeza kwetu.

Pili, tulikiona chombo kwa macho kabla ya kulipa. Tulimtuma kijana wetu mmoja aliyeko Malindi. Akakagua cheti cha ukaguzi, kwani vyombo vidogo husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, akauliza idadi ya abiria inayoruhusiwa, akahesabu jaketi moja moja na kuangalia kamba zake na ukubwa wake. Tukakodi vyombo viwili badala ya kimoja, na kila kimoja kikabeba pungufu ya uwezo wake. Gharama iliongezeka. Ili kuifidia, tuliondoa siku moja ya kulala hotelini, na hapana aliyelalamika.

Tatu, mavazi. Akina mama, hili ni lenu. Buibui pana likilowa huwa zito na huzuia miguu. Vaeni suruali pana chini, gauni lisilofika kwenye kisigino, na mtandio mfupi uliofungwa vizuri. Jaketi huvaliwa juu ya nguo zote. Lisifichwe chini ya buibui, kwani hapo huwezi kulifungua wala mwokozi hawezi kulishika. Stara na uhai vyote ni amana, navyo havigombani.

Nne, tumbo. Tulikula mapema na kwa uchache, na kila mama alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi. Githeri ya Nyeri ilibaki nchi kavu ikitungoja. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya na kuzipunguza kama wasafiri, tukasali chini ya miti baada ya kushuka.

Tano, jicho. Tulikuwa na darubini tatu za kuazima na daftari moja kwa kila mtoto. Watoto walifundishwa kutazama kwa mpango: ukubwa, rangi ya miguu, umbo la mdomo, na anachokifanya. Kila Januari nchini Kenya watu wenye ujuzi hufanya hesabu ya ndege wa maji, na Mida ni mojawapo ya mahali wanapohesabiwa. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba nao siku ile ni wahesabuji.

Tuliomba dua ya kupanda kipando, tukaondoka. Yule mama wa Nanyuki alikaa mbele kabisa na wanawe, kila mmoja amefungwa jaketi yake hadi kidevuni. Tuliwaona sululu wenye midomo iliyopinda wakichokoa matope. Tuliwaona membe wakijitupa majini kama mawe na kuibuka na samaki. Kisha nahodha akapunguza mashine, akanyoosha kidole, na juu ya fungu la mchanga walisimama wale walaji wa kaa, kundi zima, weupe kwa weusi, wameelekea upepo. Mzee mmoja pembeni akasema wamejipanga kama maamuma. Hapana aliyezungumza kwa muda. Binti yule aliyeniuliza bahari ikoje alikuwa akiandika kwenye daftari lake. Baadaye nililiomba nikasoma. Alikuwa amehesabu 64, na chini yake ameandika: "Wametoka mbali kuliko sisi."

Hatukuwasogelea. Nahodha alitaka kuwarusha ili watoto waone mbawa, nikamkataza. Ndege aliyechoka akirushwa hupoteza nguvu alizozitafuta kwa siku nzima. Tukumbuke habari ya yule ndege mdogo ambaye Masahaba walichukua makinda yake mawili. Mama yao akaja akipapatika juu yao, na Mtume, sala na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemsikitisha kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Wale wanaopita kwenye visiwa vya mawe wakati wa kusi, kama kile kilichoko mbele ya mlango wa Mida ambako membe hutaga, walitafakari hilo kabla ya kunyoosha mkono kwenye mayai.

Nimalizie na jambo alilonifundisha ndege mwenyewe. Sote twaijua hadithi isemayo kwamba lau tungemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama awaruzukuvyo ndege: hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Watu huisoma kana kwamba ndege hafanyi kitu. Tazameni hawa wa Mida. Kuanzia Machi, kabla ya kurejea Kaskazini, hula mchana na usiku kila maji yapwapo, wakijaza mafuta mwilini, na baadhi yao hukaribia kuwa na uzito maradufu. Hungoja upepo unaofaa. Hapo ndipo huruka juu ya bahari isiyo na mahali pa kutua, na humo safarini hawana mwingine wa kumtegemea ila Mola wao. Tawakkul yao huanza matopeni, kwa kazi.

Basi mzazi, likizo ijayo ikiwa utawapandisha wanao chombo, hata kama ni kuvuka hori tu kwenda harusini, simama ufukweni uhesabu jaketi. Zikipungua hata moja, shuka. Na ikiwa sheikh wako atakuambia upande, mkumbushe ngamia kwa adabu, kama nilivyokumbushwa mimi. Mama yule nimemwombea kheri tangu siku ile, nami namwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu barani na baharini, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana.